Alamu ya mafuta kwenye CNC: vigawio vya tundu au vya pistoni?

Vigawio ni vipande vinavyogawa mafuta ya kulainisha kwenye reli ambazo mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) huteleza juu yake. Vya tundu ni rahisi: mafuta hupenya kijitundu chembamba yakifuata njia nyepesi. Bomba kuu likikatika, presha huanguka na alamu hulia. Kibaya ni tundu moja likiziba. Geji ya presha husoma sawasawa huku reli ikikauka, na hutajua mpaka ulegeze bomba kule mwisho uone kama linatoa tone.

Vya pistoni hutoa kiasi kilekile kila mzunguko. Lakini presha lazima ipande, kisha ishuke, ndipo vijae tena. Vali ya kurudisha mafuta ikikwama, presha haishuki, vigawio havijai, na pampu hunguruma bure. Basi tazama geji pampu inapozima pia.

Mimi ningechukua vya pistoni, ingawa bei inauma. Kwa vyote viwili, kagua tangi na filta kabla hujaifungua pampu.