Bima ya mifugo Turkana: wanalipia nyasi, si mzoga

Kuna jambo ambalo wakala aliyekuja kwenye baraza la chifu hakulisema, au alilisema harakaharaka watu wakiwa wanagombania kofia za bure: bima hii hailipi mbuzi akifa. Upige picha mzoga, ulete fuvu, umwite chifu ashuhudie, hupati hata shilingi. Kinachopimwa ni malisho. Setilaiti huangalia ukijani wa ardhi, vipimo hukusanywa kila siku kumi, na msimu wa mvua ukiisha hulinganishwa na vya miaka ya nyuma katika eneo lile lile. Ukijani ukishuka chini ya kiwango cha mkataba, kila aliyekata bima katika eneo hilo hulipwa, hata yule ambaye mbuzi wake wote ni wazima.

Mama ndiye mwenye mifugo. Mimi nafanya kazi hapa Lodwar na ada naitoa mimi. Nilipomweleza haya aliuliza, "Sasa hicho kitu cha juu kinajuaje mbuzi wangu wanakula nini?" Sijasikia mtu wa bima akijibu swali hilo vizuri.

Kwa wasioifahamu, bima ya aina hii ilianza Marsabit mwaka 2010 kama mradi wa watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na wenzao. Mwaka 2015 serikali ikaibeba, ikaanza na Turkana na Wajir, na kuwalipia wafugaji waliochaguliwa ada yote. Kila kaya ilikatiwa ng'ombe watano tu, na kwa hesabu zao ng'ombe mmoja ni mbuzi au kondoo kumi. Siku hizi kuna mpango wa Benki ya Dunia ambapo mfugaji naye huchangia. Mimi naona hiyo ni afadhali. Wakati ule wa bure nilikutana na watu waliokuwa kwenye orodha na wasijue wamekatiwa nini.

Uzuri wake ni wakati. Misaada yote ya ukame niliyoiona tangu utoto ilifika baada ya kilio: lori la mahindi, matangi ya maji, serikali kuja kununua ng'ombe asiyeweza tena kusimama. Pesa za bima, zikija, huja mapema. Mwanzoni mwa 2017 zililipwa zaidi ya shilingi milioni 200 kwa kaya zipatazo 12,000 katika kaunti sita, ukame ukiwa bado unakaza. Sisi msimu tuliolipwa, ujumbe wa M-Pesa uliingia mbuzi wakiwa bado wanatembea wenyewe kwenda kisimani. Mama alinunua marobota ya nyasi yaliyoletwa na lori kutoka Kitale, akawatenga majike wenye mimba na wanaonyonyesha wawe wanalishwa nyumbani, na akauza mabeberu mapema bei ikiwa bado ni bei. Wengine aliwaachia kaka yangu awahamishe kuelekea Uganda. Na hapo kuna jambo jingine zuri: bima haijali mifugo iko wapi. Inaangalia eneo ulilojiandikisha, kwa hiyo kuhama hakukunyimi malipo.

Ndiyo maana nasema usiinunue ukitarajia kununua mbuzi wengine. Kiasi chake hakitoshi hata kidogo. Ni pesa ya nyasi, maji na dawa ya minyoo, na kwa kazi hiyo inafaa sana.

Sasa swali la mama. Kando ya mto Turkwel kuna mathenge mpaka basi. Mti huu uliletwa na serikali na wafadhili miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa, ukapendwa kwa sababu hauogopi ukame. Hauogopi mpaka leo. Nyasi zikikauka zote, mathenge anabaki kijani, miiba yake inatoboa tairi ya bodaboda, na chini yake hakuoti kitu cha maana. Mbuzi hula maganda yake, lakini yana sukari inayooza meno. Wakazi wa Baringo waliwahi kuishtaki serikali kwa ajili ya mti huu na wakapeleka mbuzi kibogoyo mahakamani. Setilaiti haina habari hizo. Kwake kijani ni kijani.

Nimeelezwa kwamba hesabu ni ya wastani wa eneo zima wala si ya boma moja, na kwamba sehemu zisizo za malisho hujaribiwa kuondolewa. Sawa, lakini wastani huo ndio uliotuumiza. Eneo letu linaanzia mtoni linapanda hadi vilimani. Kuna msimu vilimani kulinyesha kidogo na mtoni mathenge akawa amenawiri, huku kwetu katikati vumbi tupu. Majirani wa eneo la pili walilipwa. Sisi hapana. Nilipigia kampuni simu, ikawa inalia tu, wakala alipopatikana akasema "mfumo umeonyesha kuna majani." Nilimwomba anionyeshe hivyo vipimo. Hakuwa navyo, na nadhani hakuwahi kuviona. Kwa huduma ambayo haina mzoga wa kukaguliwa, wala mtu wa kuja bomani, kumwonyesha mteja kipimo chake ndiyo huduma yenyewe, na hapo wamefeli. Ramani moja ubaoni kwa chifu, kila mwisho wa msimu, ingepunguza nusu ya ugomvi.

Kuna na mengine isiyoyagusa. Ugonjwa wa sotoka ya mbuzi, ule tunaouita lomoo, haumo. Wizi wa mifugo haumo. Mafuriko hayamo, na mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilitufundisha kwamba hali ya hewa inayobadilika kaskazini si jua peke yake. Nyasi zilikuwa tele msimu ule. Mbuzi waliobebwa na lagga, yaani korongo kavu linalojaa maji ghafla mvua ikinyesha, hawakuwa na wa kuwalipia.

Serikali iliahidi kwenye mpango wake kumaliza dharura za ukame ifikapo 2022. Mwaka huo huo ndio tuliokuwa kwenye msimu wa nne na wa tano wa mvua kukosekana mfululizo, na kabla ukame haujatulia nchi ilikuwa imepoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Ukiniuliza katika mpango wote ule ni kitu gani nilikiona kwa macho yangu kikifika nyumbani kwetu, nitakutajia pesa za Inua Jamii, ule msaada wa fedha wa serikali, za bibi mmoja jirani, na bima hii. Ndiyo maana naipa nyota tatu, siipi mbili. Kasoro ni nyingi, ila angalau inakimbizana na ukame badala ya kuufuata nyuma.

Kabla hujatoa ada, mwambie wakala akuandikie jina la eneo la bima unaloingizwa, na lifanane na mahali mifugo yako hulisha msimu wa mvua, si mahali ulipo na simu. Jirani yangu mmoja aliandikishwa mjini kwa kuwa alilipia mjini. Hakikisha laini ya simu ni yako na haijafungwa. Tunza karatasi za bima. Ukiwa Mwislamu na unataka ya takaful, yaani bima inayofuata sheria za Kiislamu, uliza, maana iliwahi kuuzwa Wajir miaka mingi tu. Na usingoje kuangalia mawingu kwanza: mauzo hufungwa kabla ya mvua kuanza, kwa hiyo jipange Januari na Februari, au Agosti na Septemba.