Kontrola ya DJ ndani ya Ableton Live: uzoefu wangu

Ninaendesha Ableton Live, programu ya kutengeneza na kupiga muziki kwenye kompyuta, kwa kontrola ndogo ya DJ, ile ya deki mbili yenye padi nane kila upande, nobu tatu za EQ (za kupandisha na kukata besi, sauti za kati na za juu) kwa kila chaneli, krosifeda (kitelezi cha kuhama kati ya deki mbili), magurudumu mawili ya jogi na kadi ya sauti humo humo ndani. Uamuzi wangu nautoa mapema: kwa kuchanganya treki, kurusha klipu (vipande vya muziki) na kurekodi mizunguko ya filta, kifaa hiki kinatosha na kubaki. Kwa kupiga ngoma za vidole kinapwaya, na kwa kuskrachi hakifai kabisa. Kinachoamua kama utakipenda au utakichukia ni mipangilio. Programu ya DJ inaijua kontrola tangu unapochomeka waya wa USB. Live haiijui, kwa hiyo kila kitufe unakifundisha wewe kazi yake.

Kabla ya lolote, funga programu ya DJ. Kwenye Windows, hasa matoleo ya zamani, draiva nyingi za MIDI (lugha ya ishara za vitufe na nobu) zinaruhusu programu moja tu kushika kifaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo programu ya DJ ikitangulia, unaweza kubonyeza kila kitu na Live isipate ishara hata moja. Kwenye Mac programu mbili zinashirikiana bila ugomvi, lakini hapo kitufe kimoja cha kuchezesha kinaanzisha muziki pande zote mbili. Kontrola ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta, isipitie habu isiyo na umeme wake yenyewe. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500, na habu ya namna hiyo inazigawa kwa kila kilichochomekwa. Taa za padi zikififia, au kifaa kikipotea na kurudi chenyewe, anza kuchunguza hapo.

Sauti ipangwe kwanza, MIDI ifuate. Kwenye Windows sakinisha draiva ya ASIO (draiva ya sauti yenye ucheleweshaji mdogo) ya mtengenezaji, kisha kwenye mipangilio ya Audio chagua ASIO na jina la kontrola. Sharti la ASIO ni kwamba Live inashika kifaa kimoja tu, hivyo kama maikrofoni yako iko kwenye kadi nyingine, itabidi uchague moja. Kwenye Mac unaweza kuunganisha kadi mbili ziwe kama moja kwa kutumia Audio MIDI Setup. Ukishachagua, fungua Output Config na uwashe jozi ya 1/2 na ya 3/4. Kwenye kontrola nyingi za aina hii 1/2 ni spika na 3/4 ni hedifoni.

Sasa nenda kwenye treki kuu, weka Cue Out (njia ya kusikilizia) iwe 3/4, halafu bonyeza kitufe cha Solo kilicho karibu na nobu ya kusikilizia mpaka kisomeke Cue. Utaona vitufe vya S kwenye treki vimegeuka kuwa alama ya hedifoni. Hatua hii ni ya sekunde chache na watu wengi huiruka. Bila hiyo, ukitaka kusikiliza treki inayofuata kwenye hedifoni, utazizima nyingine zote kwenye spika.

Kuhusu bafa, ile akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta inaijaza kabla ya kuicheza, kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, sampuli 128 ni ucheleweshaji wa milisekunde 2.9, 256 ni 5.8 na 512 ni 11.6. Hiyo ni bafa peke yake, draiva na vigeuzi vya sauti vinaongeza vyao. Ninapogusa padi natumia 128. Ninapochanganya nyimbo nzima zilizowekwa kwenye Warp (kunyoosha wimbo ufuate tempo) ya aina ya Complex, napandisha hadi 512, kwa sababu Complex inakula prosesa sana na mlio wa kukwaruza unaanza pale prosesa inaposhindwa kuijaza bafa kwa wakati.

Kwenye ukurasa wa MIDI wa mipangilio, upande wa Input washa Track (kupokea noti) na Remote (kuongoza vitu vya Live) kwa kontrola, upande wa Output washa Remote. Sync iache imezimwa. Kama una kibodi nyingine ya MIDI, izimie Remote, kwa sababu Live inatambua ishara kwa chaneli na namba, haijali imetoka kifaa gani. Nobu ya kibodi ikigongana namba na kitelezi cha kontrola, vyote viwili vitasukuma kitu kimoja.

Kufundisha kwenyewe ni kwepesi: Ctrl+M, au Cmd+M kwenye Mac, bofya kitu kwenye skrini, gusa kitufe, basi. Kazi halisi iko kwenye orodha inayotokea kushoto, kwenye safu za Min na Max, na hapa ndipo ningeomba mtu atulie.

Kitelezi cha sauti cha Live kinapanda hadi desibeli 6 juu ya sifuri. Ukikifunga kwenye kontrola bila kugusa Max, kukisukuma hadi juu, jambo ambalo DJ yeyote hulifanya bila kufikiri, ni kuongeza desibeli 6 kwa kila treki, na treki kuu itapasua sauti. Weka Max iwe 0. EQ Three, kifaa cha EQ cha Live, nayo ina mtego wake: inakwenda kutoka kimya hadi desibeli 6, na sifuri yake haiko katikati ya mzunguko. Nobu ya kontrola ina kile kituo kidogo cha katikati ambacho kidole kinakihisi, lakini ikisimama hapo, EQ Three tayari imekata besi bila wewe kujua. Dawa ziko mbili. Ya kwanza, weka Max ya EQ Three iwe 0, kulia kabisa iwe kawaida na kurudi kushoto iwe kukata tu. Ya pili, tumia EQ Eight, ambayo inakwenda kutoka desibeli 15 chini hadi 15 juu kwa usawa. Katikati ya nobu, yaani thamani ya 64 kati ya 0 na 127, inaangukia kwenye desibeli 0.12, tofauti ambayo sikio halitaiona. Mimi nimechagua ya pili, kwa sababu kile kituo cha katikati kinarudi kuwa na maana.

Tempo nayo inahitaji mipaka. MIDI ya kawaida ina hatua 128 tu. Ukiacha 60 hadi 200, kila hatua ni zaidi ya BPM 1 (pigo moja kwa dakika), na muziki unasikika ukipanda ngazi. Weka 120 hadi 130, hatua inakuwa chini ya 0.08. Kuna jambo jingine hapo: kitelezi cha tempo cha kontrola nyingi hutuma namba mbili kwa mpigo, ya hatua kubwa na ya hatua ndogo, na kwa kanuni ya MIDI ya pili ni ile ya kwanza ukijumlisha 32. Live ikishika hiyo ya pili, tempo inaruka chini na juu mara kadhaa wakati kitelezi kinasogea mara moja. Ukiona kwenye orodha namba kati ya 32 na 63, ifute na ufundishe upya. Ikikataa, ipe tempo nobu ya kawaida na uachane na kitelezi.

Jogi ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Haitumi mahali ilipo, inatuma mwelekeo tu: kuna zinazotuma 65 mbele na 63 nyuma, na kuna zinazotuma 1 mbele na 127 nyuma. Live ikiisoma kama nobu ya kawaida, thamani kwenye skrini inatetemeka katikati, au inaruka mwisho hadi mwisho. Wakati wa kufundisha, zungusha polepole kuelekea kushoto ili Live ikisie aina yake. Ikikosea, chagua mwenyewe chini ya skrini, Bin Offset kwa jozi ya kwanza, 2's Comp. kwa ya pili. Hata ikikaa sawa, mzunguko mmoja unatuma ishara nyingi mno, hivyo kupitia orodha ya scene (safu za klipu zinazoanza pamoja) kwa jogi ni kukimbia kupita unayoitaka. Naitumia kwa filta, na huko ni tamu kweli, laini kuliko nobu.

Padi zina tabia mbili za kujua. Kwanza, padi za kontrola nyingi za DJ hutuma nguvu ileile ya 127, ugonge kwa upole au kwa hasira, hivyo ngoma zinatoka bapa. Kifaa cha Velocity kabla ya Drum Rack (chombo cha ngoma cha Live), ukipandisha Random kidogo, kinapunguza ubapa huo, ila hakirudishi mkono wa mpigaji. Pili, Drum Rack inaanzia noti ya 36, huku padi zako zinaweza kuanzia 0, na kila modi ya padi ina noti zake. Chagua modi moja, weka kifaa cha Pitch mbele, panda 36, na kwenye MIDI From chagua chaneli ya padi peke yake. Usipofanya hivyo, vitufe vya deki ambavyo hujavipa kazi vitapiga vyombo.

Kwenye Takeover Mode, mpangilio wa jinsi Live inavyoanza kufuata kitelezi, ninapendekeza Pickup. Vitelezi vya kontrola havina mota, kwa hiyo ukifungua mradi mwingine mkono wako na skrini havikubaliani. Pickup inasubiri kitelezi kipite pale thamani ilipo ndipo inaanza kufuata, na hakuna sauti inayoruka ghafla. Usitafute nobu ya sauti kuu wala ya hedifoni kwenye MIDI ikiwa haijibu. Kwenye vifaa vingi zinaongoza kadi ya sauti moja kwa moja.

Mafunzo haya yote yanahifadhiwa ndani ya Live Set (faili la mradi), si ndani ya programu. Ukifungua mradi mpya, hayapo. Ukimaliza, hifadhi Set tupu yenye EQ, filta na mafunzo yote kama kiolezo cha kuanzia, na uweke nakala yake nje ya kompyuta.