Barua 386 za baba zimeskaniwa kwenye steshenari ya Moshi mjini na hakuna iliyochanika mikononi mwao

Baba alifundisha fasihi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka mingi, akastaafu, akarudi Uru na tranka la bati lililojaa barua. Alipofariki tulizikuta kila moja imo kwenye bahasha yake, na nyuma ya nyingi kuna nakala ya kaboni ya jibu alilopiga kwa taipureta. Watu wengi hutunza barua walizoandikiwa. Baba alitunza na alizojibu, ndiyo maana sikutaka mtu yeyote azichezee.

Duka la kwanza nililokwenda silitaji. Kijana alichukua nakala ya kaboni, nyembamba kama ganda la kitunguu, akaitia kwenye mashine inayovuta karatasi yenyewe. Ilitoka imekunjamana na kona moja imeraruka. Kisha akanishauri tuzipige laminesheni zote zisiharibike. Nikabeba tranka langu nikaondoka. Nawaomba wote mlioachiwa karatasi na wazazi: msikubali laminesheni. Joto lile hugandisha plastiki kwenye karatasi na haibanduki tena, na asidi iliyomo kwenye karatasi ya zamani inabaki humo humo ikiila.

Hili ninalolisifu ni steshenari ndogo ghorofani, mtaa ulio nyuma ya Soko Kuu. Ngazi ni za mwinuko, mwenye mzigo atafute wa kumsaidia. Kaka wa pale alinipa shikamoo, akanawa mikono, akaifuta ikakauka, ndipo akauliza: "Mama, ndani ya tranka zilikuwa zimepangwaje?" Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu mpangilio. Akawa anatoa barua moja moja, anaandika namba kwa penseli kwenye kona ya bahasha, na baada ya kuskani anairudisha palepale ilipotoka. Pini za stapla zilizoshika kutu alizikunjua kwa ncha ya kisu, taratibu. Penye selotepu iliyogeuka kahawia hakubandua kitu, akasema maandishi yatang'oka nayo.

Aliskani kwa rangi, nukta 400 kwa inchi. Mwanzoni niliona rangi ni gharama ya bure kwa barua za wino mweusi. Tukafika kwenye barua ya 1975 ya mwanafunzi wa zamani wa baba, wakati huo mwalimu wa sekondari. *Kichomi*, diwani ya mashairi huru ya Kezilahabi, ilikuwa imetoka 1974, na watu walikuwa wakivutana kama utungo usio na vina na mizani uitwe shairi. Mwanafunzi yule anawatetea kwa ukali wanamapokeo, wale wanaoshikilia kwamba shairi lazima liwe na vina na mizani, na mwishoni ameweka beti tatu zake mwenyewe. Baba amezihesabu silabi kwa penseli, mizani nane na nane kwa kila mstari, na kila kipande chenye mizani saba amekitilia kitone chekundu. Kwenye jibu lake hakusema neno juu ya makosa hayo, alimsifia ubeti wa pili tu. Vitone vile vingeskaniwa kwa nyeusi na nyeupe vingeonekana uchafu wa karatasi, nami nisingejua kwamba baba aliyaona makosa akayanyamazia. Hata stempu zinasomeka vizuri, zile zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanzania pamoja, za ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza iliyovunjika 1977.

Kasoro zipo. Barua za ndege, zile za bluu zinazokunjwa zikawa bahasha, waandishi wakiishiwa nafasi walimalizia kwenye vikunjo vya pembeni. Kumi na moja kati yake vikunjo viliachwa. Nilipozirudisha alizirudia bila malipo, lakini msipohakiki wenyewe hamtajua. Mafaili nayo aliyapa namba za mashine badala ya tarehe na jina la mwandishi, na kuyabadilisha kumenila wiki mbili za usiku. Mwambieni mapema.

Nililipa shilingi 300 kwa ukurasa. Kurasa 714, jumla 214,200. Siku kumi na moja. Nakala zote alinihamishia kwenye diski yangu, kisha akazifuta kwenye kompyuta yake nikiwa nimekaa pale. Kwangu hili lina uzito kuliko bei, kwa sababu barua ni za watu. Karatasi tumerithi sisi, lakini maneno ni mali ya aliyeyaandika, na baadhi yao wako hai. Sasa nawapigia mmoja mmoja kuomba ridhaa kabla sijapeleka nakala maktaba. Yule mwalimu wa beti tatu nimempata. Ameomba atumiwe ukurasa wenye vitone.

Nawapa nyota nne. Jumapili wamefunga. Nendeni asubuhi na mapema, kabla wanafunzi hawajajaa kutoa kopi za mitihani.