Black's Law Dictionary: maneno mepesi ndiyo yaliyonifanya niitafute

Kazi yangu ni kufasiri mikataba na hati za mahakama kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na kamusi ninayoifungua kuliko zote ni Black's Law Dictionary, toleo la 8 la mwaka 2004. Niliinunua ikiwa imeshatumika. Jalada limelegea, na aliyekuwa nayo kabla yangu ameijaza herufi R mistari ya penseli. Nawaandikia wafasiri wenzangu, wanafunzi wa sheria, na yeyote aliyewahi kupokea barua ya wakili akabaki anaigeuzageuza tu mkononi.

Nilianza kuitafuta baada ya kukosea. Nililetewa barua yenye maneno "without prejudice" juu kabisa, nami nikaweka "bila chuki". Ilisomeka vizuri. Kumbe barua ilikuwa ya kutafuta suluhu, na maneno yale yalimkinga mwandishi: atakachokubali humo kwa ajili ya mapatano kisije kikatolewa mahakamani kama ushahidi dhidi yake. Mteja wangu aliyasoma kama salamu za upole. Wakili wake alinipigia simu akanieleza taratibu, bila kunigombeza, na upole wake ndio ulioniuma zaidi.

Watu huogopa Kilatini. Mimi naona Kilatini kina uungwana wake: ukikutana na "res ipsa loquitur" unajua papo hapo kwamba hujui, unafungua kamusi. Hatari iko kwenye Kiingereza unachodhani unakijua. "Damage" ni madhara aliyoyapata mtu. Ongeza herufi S, "damages", zinakuwa fedha anazolipwa kwa madhara hayo. "Service" inaweza kuwa kumfikishia mtu hati za mahakama mkononi. "Consideration" kwenye mkataba haihusiani na kufikiria. Ni kile ambacho kila upande unakitoa ili upate cha mwenzake, iwe fedha, kazi au ahadi. Hapa Black's haina mfano kwangu, kwa sababu inalipanga neno maana kwa maana, na inataja ni tawi gani la sheria linalitumia hivyo.

Kwenye maneno ya kigeni, kwanza inakupa matamshi, halafu asili yake: Kilatini chenyewe, Kilatini cha mahakamani, au Kifaransa cha mahakamani, pamoja na maana ya neno kwa neno. Maana hiyo ya asili ndiyo inayonipa Kiswahili changu mara nyingi. "Affidavit" ni "ameapa", na sisi tuna hati ya kiapo. "Subpoena" ni "chini ya adhabu", ndiyo maana wito huo si wa kupuuzwa. "Habeas corpus" ni "uwe na mwili": mwili wa aliyeshikiliwa uletwe mbele ya jaji, na anayemshikilia aeleze kwa sababu gani.

Kile Kifaransa kilinifungua macho. Wanormani, waliotoka Ufaransa, waliitwaa Uingereza mwaka 1066 na lugha yao ikaingia mahakamani. Sheria ya mwaka 1362 iliagiza mashauri yazungumzwe kwa Kiingereza, lakini kumbukumbu ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini, na lugha hizo mbili za kigeni ziliondolewa rasmi mwaka 1733 tu. Ndiyo maana maneno hutembea mawili mawili. Katika "will and testament", la kwanza ni la Kiingereza cha kale na la pili lina asili ya Kilatini. Nilikuwa nahangaika kutafuta maneno mawili ya Kiswahili. Sasa naandika "wosia", basi.

Nyuma kuna orodha ya misemo ya Kilatini, na hapo ndipo ninapobaki na njaa. Unapewa tafsiri bila kisa. "Actus non facit reum nisi mens sit rea": kitendo hakimtii mtu hatiani mpaka nia nayo iwe ya hatia. Sawa, lakini yapo makosa ambayo mahakama haiulizi nia kabisa, na mwanafunzi akikariri msemo peke yake atapotea. Msemo hukaa kichwani ukiwa na kisa. Ile "res ipsa loquitur", yaani jambo lenyewe linasema, mimi niliielewa niliposoma kesi ya Byrne dhidi ya Boadle ya mwaka 1863: pipa la unga lilidondoka kutoka dirisha la ghala huko Liverpool likampiga mpita njia. Hakuna aliyeweza kusema lilidondokaje, na majaji wakaona kudondoka kwenyewe ni dalili ya uzembe.

Jambo jingine, kamusi hii imeandikwa Marekani na inaegemea huko. Ukifasiri hati za Uingereza, kumbuka kanuni za madai zilizoanza tarehe 26 Aprili 1999: mdai aliyekuwa "plaintiff" sasa ni "claimant", na "ex parte", yaani kusikiliza upande mmoja tu, imepisha Kiingereza cha kawaida.

Toleo la 12 lilitoka mwaka 2024. Mwenye uwezo achukue hilo. Lile la 2, la mwaka 1910, linasomeka bure mtandaoni, ila litumie kwa Kilatini tu, maana sheria imehama sana tangu hapo.

"Without prejudice" siku hizi naiandika "bila kuathiri haki", na mteja akiwa mgeni wa mambo haya namwongezea sentensi moja chini ya ukurasa.