Darasa la kuyeyusha vioo kwenye tanuri, Portland: uzoefu wangu baada ya kulipia

Kwa ndugu walioko Oregon wanaouliza kama darasa la wanaoanza sanaa ya vioo lina thamani: lina thamani, hasa kwa sababu ya mwalimu. Nilijiandikisha kwenye karakana moja ndogo hapa Portland, bila kuwahi kushika kikata kioo maishani.

Hapa hakuna kupuliza kioo kwa bomba. Unapewa mabamba ya rangi yenye unene wa milimita 3, unayakata, unapanga vipande mezani vikiwa baridi, kisha tanuri la umeme linafanya kazi usiku ukiwa nyumbani. Kukata ni rahisi kuliko nilivyodhani. Kikata hukwaruza mstari mmoja tu, bila kurudia, halafu unauvunja kwa koleo. Miwani ya kinga haivuliwi hata dakika moja, na ukishika chenga laini za kioo unavaa barakoa.

Kilichonishika zaidi ni somo la vioo gani vinapatana. Tulitumia vioo vya Bullseye, kiwanda kilichoanzishwa papa hapa Portland mwaka 1974. Mwalimu alitusimulia habari za Klaus Moje, msanii Mjerumani aliyekutana na mmoja wa waanzilishi wa kiwanda hicho mwaka 1979 na kutaka vioo vya rangi nyingi ambavyo vingeungana bila kupasuka. Kila kioo hutanuka na kusinyaa kwa kiasi chake. Ukiunganisha viwili visivyolingana, vinavutana wakati wa kupoa. Mwalimu alitoa kipande alichochanganya makusudi na kioo cha dirisha, akakiweka kati ya vichujio viwili vya mwanga vilivyopishanishwa. Pembeni mwa muungano palizuka mng'ao mweupe, alama ya mvutano uliojificha ndani ya kioo. Kwa macho matupu kilikuwa kizima kabisa! Tangu hapo nikaelewa kwa nini alisisitiza tusilete chupa wala vioo vya nyumbani tukavichanganya na hivi.

Akatufundisha pia kwamba kioo kikiyeyuka kabisa, kwenye nyuzijoto kama 800 za Selsiasi, hupenda kutulia kwenye unene wa milimita 6. Ndiyo maana tulipanga matabaka mawili. Tabaka moja hujikunja kingo na kusinyaa. Yakizidi mawili, kioo hutambaa nje. Ukitaka vipande vishikane huku umbo la kila kimoja likionekana, joto linapunguzwa.

Halafu kupoza. Glasi baridi ukiimiminia chai ya moto hupasuka. Kipande kinene kinachotoka tanurini kina hatari hiyohiyo, kwa hiyo tanuri husimama kwanza kwenye nyuzijoto 482 kwa kama saa nzima, ndipo lishuke polepole. Hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia. Ningependa kila darasa la ufundi lieleze sababu namna hii, maana sasa naweza kusoma ratiba ya tanuri na kujua kila hatua inafanya nini.

Lililoniudhi ni bei. Tangazo lilionyesha picha ya bakuli, lakini ada ililipia mchomo wa kwanza tu, yaani kigae bapa. Ili kigae kilainike na kuingia kwenye kalibu kinarudishwa tanurini mara ya pili, kwa joto la chini zaidi, na huo tuliambiwa tuulipie mwisho wa darasa. Hilo si haki kwa mtu aliyepanga bajeti yake. Vikata navyo vilikuwa vichache, tukawa tunasubiriana.

Hata hivyo nimeshajiandikisha darasa linalofuata, na safari hii nimeomba orodha ya gharama zote kwa maandishi kabla ya kulipa. Ukienda, omba na wewe. Uliza pia namba ya kutanuka ya vioo vyao: vya Bullseye ni 90, na vipo vya 96 kutoka viwanda vingine. Ukinunua vya kufanyia mazoezi nyumbani, shika aina moja na uandike kila kipande kwa kalamu kabla hujakikata.