Pokémon: katuni au gemu?
Swali hili haliishi: ufuate katuni au gemu za Pokémon, viumbe wa kubuni wanaopambana? Kwa sheria, gemu za 1996 zinashinda. Kiumbe Onix ni wa aina ya mwamba na ardhi, kwa hiyo umeme wa kiumbe mwenzake Pikachu haumfanyi kitu. Lakini katika katuni ya 1997, vinyunyizio vya kuzimia moto vinafunguka ukumbini, Onix analowa chapachapa, na umeme unampata! Iliniuma, maana nilikuwa nimekariri udhaifu wa kila aina. Ila kwa hisia, katuni haina mpinzani: Ash, mwenye Pikachu, anasitisha pambano kwa huruma, na Brock, mwenye Onix, anampa beji baadaye. Kwenye gemu, beji ni ya mshindi tu. Muda? Gemu hula saa nyingi. Kipindi, dakika 20 na ushei. Ukipenda kupanga mbinu, shika gemu. Ukitazama na wadogo zako, anza na katuni.