Northern soul: mkesha au jioni ya klabu ya mtaani?

Wapenzi wa northern soul, dansi ya klabu iliyoanzia kaskazini mwa Uingereza kwa santuri za soul za Wamarekani weusi, hawaachi kubishana: ukumbi hujazwa na nini zaidi, mkesha wa mpaka asubuhi au jioni fupi ya klabu ya mtaani?

Kwa muziki, mkesha unashinda. Tangu enzi za Wigan Casino, klabu maarufu ya mikesha hiyo (1973 hadi 1981), watu husafiri mbali kufuata dijei mwenye santuri ambayo mwingine hana. Santuri hizo ni za Marekani za miaka ya 1960, nyingi zilikosa soko zilipotoka. Nakala moja ya santuri ya mwimbaji Frank Wilson ya mwaka 1965 iliuzwa kwa takriban pauni 100,000 mwaka 2020! Hamu ya kusikia kitu adimu ndiyo inayomtoa mtu kitandani.

Kwa gharama, jioni ya mtaani haina mpinzani. Hakuna hoteli wala petroli nyingi, na saa sita usiku uko kwako. Wachezaji wengi wa zamani sasa wamevuka miaka 60, na magoti yana haki yake.

Sakafu ndiyo mwamuzi. Mbao laini iliyonyunyizwa poda kidogo huruhusu soli ya ngozi iteleze na mchezaji azunguke bila kukwama. Zulia huua usiku wowote.

Kama ndiyo kwanza unajifunza hatua, anza na jioni ya karibu. Kama santuri adimu ndizo zinazokukosesha usingizi, funga begi, weka shati la kubadilisha, ukeshe.